Mvuvi Aliyekataa Kuhesabu Samaki

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni, inakwenda vizuri, na kila asubuhi inanikumbusha kwamba sina mahali pa kuchelewa. Basi nimeona niutumie muda huo kuwaandikia ninyi mliobaki chuoni, hasa mlioajiriwa juzi, maana nasikia mnalalamika kwamba mtaala unabadilika kabla hamjamaliza kuusoma. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vyangu vilikuja taratibu kiasi kwamba vingine vilinikuta nimeshasahau kuwa niliviomba, na mishahara mnaijua. Nitaeleza kazi.

Nilianza kama mwalimu msaidizi wa useremala, katika karakana ile ile ambamo leo mnafundishia kompyuta. Chini ya dirisha la upande wa ziwa sakafu ina matundu ya bolti ambayo hakuna aliyejisumbua kuyaziba. Hapo palikuwa na benchi la Mzee Rashidi, fundi wa mitumbwi na boti, mzaliwa wa Musoma mjini, baba yake wa Tabora na mama yake wa Ujiji. Aliongea na mbao kwa upole na wanafunzi kwa ukali. Siku yangu ya kwanza nilifika na shati jeupe la mikono mirefu na cheti ndani ya bahasha. Akakisoma cheti mbele, akakigeuza akakitazama nyuma, akaniuliza kama huko nilikosoma mbao zilikuwepo au tulizisikia tu.

Kisha akanipa randa na ubao wa mvule, akasema nilainishe mpaka atakaponiambia basi. Hakuniambia basi. Alikwenda kuswali akarudi, akaenda kula akarudi, akapiga soga na mlinzi, na mimi nasukuma randa tu, maranda yamenifika magotini. Jioni ule ubao ulikuwa mwembamba kama rula ya mtoto wa shule. Akauinua, akautazama kwenye mwanga, karibu tuonane kupitia upande wa pili. Akasema, "Leo umejifunza jambo moja. Ukiona ubao unakwisha, uliza."

Jambo la pili lilinichukua muda mrefu zaidi. Kila Ijumaa baada ya swala alinichukua tukaenda mwaloni Mwigobero, mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki wanaposhushwa. Hatukubeba hata nyundo. Tulikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa tukasikiliza watu wanalalamika: mtumbwi unavuja, mashine haiwaki, barafu imeyeyuka kabla samaki hawajafika. Njia nzima ya kurudi alinihoji kama polisi: nani kalalamika nini, kwa sauti gani, na aliyemjibu alisemaje. Nikijibu "watu walisema," alinirudisha mwaloni nikaulize jina.

Nilipomuuliza kwa nini tusiwaulize moja kwa moja wanataka kufundishwa nini, alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Ukiwauliza watakwambia udaktari," alisema. "Sikiliza kinachowakera. Mwaka ujao watakuja kusomea hicho."

Na yeye mwenyewe aliufuata ushauri wake. Siku boti ya kwanza ya faiba ilipoletwa mwaloni, aliigonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji, akasema haina sauti. Wiki iliyofuata aliomba chuo kimpeleke akajifunze kuiziba. Wakati huo alikuwa na wajukuu. Alirudi ananuka dawa ya faiba kila mahali, mikono imebabuka, na furaha kama bwana harusi. Mvule hakuuacha mpaka alipostaafu, ila aliacha kusema kwamba ndiyo mbao pekee duniani.

Baada yake mimi nilihamishiwa kwenye uratibu wa kozi fupi. Wengi wenu mnadhani ile ni kazi ya mezani. Kazi yenyewe ni kwenda kwenye milango ya waajiri kuuliza wanahitaji watu wa namna gani, kisha kuwageuza watu tulionao wawe wa namna hiyo ndani ya wiki chache, kabla mwajiri hajabadili mawazo. Nimewahi kuanzisha kozi ya kutengeneza simu za vitufe mwezi ule ule watu walipoanza kununua za kugusa. Nimewahi kufundisha ushonaji wa mapazia ya ofisi kwa ajili ya jengo ambalo hadi leo lina msingi tu.

Bunda ndiko nilikocheka zaidi. Hoteli zilikuwa zinaongezeka barabara ya kuelekea mbugani, tukakodi ukumbi pale Manyamanyama tukaanza kozi ya kupokea wageni. Mwalimu wa somo tulimleta kutoka Arusha, mtu nadhifu, viatu vyake vilikuwa vinang'aa hata kwenye vumbi la Bunda. Akawafundisha: tabasamu, mkaribishe mgeni, mpe orodha ya vyakula, dakika mbili zisipite. Siku ya mazoezi mimi nikajifanya mgeni. Aliyenipokea alikuwa kijana anaitwa Nyamhanga. Akanipokea mkoba, akanisalimia, akauliza nyumbani hawajambo, ng'ombe wazima, mvua huko nilikotoka imenyesha au inatishia tu. Akauliza ukoo wangu. Tukafuatilia, tukagundua bibi yake na mama yangu mdogo waliolewa kijiji kimoja. Tukafurahi sana. Chakula hakikuja. Nilipomkumbusha, akashangaa. "Nilijua tumeshakuwa ndugu," akasema, "utakula tutakachokula sisi."

Mwalimu wa Arusha alimpa sifuri kwenye muda na mia kwenye ukarimu, tukajumlisha tukagawanya, akafaulu. Nayasema haya ili mjue kwamba tulipofika kwenye samaki tayari nilikuwa nimezoea masomo kugeuka mikononi mwa wanaofundishwa.

Malalamiko ya mwaloni yalikuwa yamebadilika. Zamani watu walilalamikia vifaa; sasa walilalamika kwamba samaki wenyewe, sato, hawaonekani, unakesha unarudi na visamaki vya furu vya kulisha paka. Halafu wakaja watu na mabomba ya plastiki na nyavu, wakaunda vizimba vinavyoelea, wakaweka vifaranga vya sato ndani. Mwekezaji mmoja aliweka vizimba vyake mbele ya kijiji cha Kiriba, meneja wake akaja chuoni kwetu. Alihitaji wahudumu wapya wanne kwa kuanzia: watu wa kulisha samaki, kukagua nyavu, kuokota waliokufa na kuhesabu. Neno kuhesabu alilitaja mara mbili, na baadaye nilikuja kujua kwa nini.

Mimi niliona jibu liko wazi: wavuvi. Nani anamjua samaki kuliko mvuvi? Tangazo likasomwa redioni, kozi ya ufugaji wa samaki, na siku ya kwanza nikakuta darasa limegawanyika katikati kama kanisa la zamani. Upande mmoja wavuvi wa Kiriba na pwani yake, waliokuja kwa sababu ya samaki. Upande wa pili wafugaji wa Butiama, waliokuja kwa sababu ya ufugaji, baadhi yao na fimbo zao. Hakuna upande ulioona wa pili una haki ya kuwepo.

Msemaji wa wafugaji, bila kuchaguliwa, alikuwa Wakuru, mwanamke wa kijiji cha Buswahili aliyeachiwa ng'ombe wa baba yake baada ya kaka zake kwenda machimboni. Alikuwa na miaka kama thelathini na mdomo wa miaka sitini. Wa wavuvi alikuwa Magesa, mzee wa Kiriba, mrefu, aliyekuwa anachechemea. Kabla hata hatujaanza, Wakuru alimuuliza kama mvuvi anajua mnyama hula mara ngapi kwa siku, au anajua tu mnyama huliwa mara ngapi. Magesa akamjibu kwamba binti wa ng'ombe akianguka majini, ng'ombe hawatamfuata.

Magesa ndiye aliyekuwa na shida ya kweli katika darasa lile, na aliniambia mwenyewe. Nyonga yake ilikuwa imechoka, kuvuta nyavu usiku hakuweza tena, mtumbwi alishawaachia wadogo zake. Mkewe alifariki. Alikuwa na binti mmoja aliyeolewa Tarime, na mkwe wake alikuwa amemwandalia chumba, kitanda, chandarua, kila kitu. Lilikuwa jambo jema, nikamwambia hivyo. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Mwalimu, baba mkwe anakwendaga kwa mkwe wake siku mbili, anachinjiwa mbuzi, anarudi kwake," alisema. "Mimi niende nikae? Nikikohoa usiku, mkwe aamke kuuliza kama nahitaji maji? Nile chakula cha mume wa binti yangu mpaka nife, kama mzigo uliosahaulika stendi?"

Angekuwa mkwe mbaya, nadhani, ingekuwa rahisi zaidi. Huyu alikuwa anapiga simu kila Jumapili kuuliza aje lini kumchukua. Magesa alimwambia asubiri kozi iishe. Basi mimi nikajua, na darasa zima likajua maana darasa letu halikuwa na siri, kwamba kati ya Magesa na Tarime pamebaki nafasi nne za kazi.

Kulisha alijifunza haraka, ingawa mwanzoni alimwaga chakula kama anayetega, anakwepesha kivuli chake. Sato walipopanda juu kwa pamoja, maji yakachemka, alibaki ameshika ndoo. Akasema katika maisha yake yote hakuwahi kuona samaki anakuja kwake kwa hiari. Wakuru, ambaye hakuwahi kuingia kwenye boti kabla ya wiki ile na alikuwa ameng'ang'ania ubao kwa mikono miwili, akamwambia, "Ndivyo ng'ombe wanavyofuata chumvi, tata. Usiwaogope." Tata ni baba. Kutoka siku hiyo alimwita hivyo, hata alipokuwa anamtukana.

Shida ilianza siku ya kuhesabu. Mtaalamu wetu wa samaki alikuwa Joyce, binti mpole aliyetoka chuo kikuu karibuni. Aliwaeleza vizuri: unachota samaki kiasi kwa wavu, unawahesabu, unawapima kwenye mizani, unapata uzito wa mmoja, hapo ndipo unajua wote walishwe kiasi gani. Usipofanya hivyo utawapunja, au utamwaga chakula kwenye matope ya ziwa. Magesa akachota. Joyce akamuuliza wangapi.

"Wapo," akasema Magesa.

"Ndiyo, wangapi?"

"Wapo wa kutosha."

Joyce akaja ofisini kwangu na kuniambia kwa upole kwamba mzee hajui kuhesabu na anaona aibu. Nikamwita Magesa karakana nikamwaga misumari juu ya benchi, nikamwomba anisaidie kujua ipo mingapi. Aliimaliza kabla sijakaa, akanitajia jumla, akanitajia na iliyopinda ni mingapi. Nikamuuliza sasa samaki wana nini. Akageuka kuangalia mlango, akashusha sauti.

Kwao, alisema, samaki wa mtu hahesabiwi akiwa hai. Wakishafika nchi kavu, wamekufa, hesabu unavyotaka, uza. Ila aliye hai ndani ya maji ukimhesabu umemwonyesha kwa kitu kisichotakiwa kumwona. Baba yake hakuhesabu, babu yake hakuhesabu. Nilimuuliza kama anaamini.

"Siamini," alisema. "Ila sijaribugi."

Nikaona nimepata dawa: wafugaji. Kesho yake nikamwambia Joyce aanze na Wakuru, mzee ataona aibu kushindwa na mwanamke wa ng'ombe. Wakuru akachota samaki, akawatazama, kisha akamtazama Joyce. Alipobanwa ataje idadi akasema kwao Buswahili jioni ng'ombe wakirudi hawasemagi wamerudi wangapi. Wanasema nani hajarudi. Hesabu ya ng'ombe walio hai inaita macho ya watu. Upande wa wafugaji wakaitikia. Upande wa wavuvi, kwa mara ya kwanza tangu kozi ianze, wakawaitikia wafugaji. Kozi yangu ilikuwa imeleta maelewano kati ya ziwa na malisho, na ilikuwa imekufa.

Nilijaribu mengi. Nilimwambia Magesa ahesabu kwa Kiingereza. Alilifikiria kwa heshima, kisha akasema meli za Wazungu zimetembea ziwani humu tangu enzi za babu yake, na hadhani kama yeye anajua Kiingereza kuliko ziwa. Joyce akashauri tutumie mbinu ya Wakuru, tutaje wasiokuwepo. Lakini sato hawana mabaka wala pembe, wamefanana kama watoto kwenye paredi. Basi nikarudi kwenye fani yangu. Nikatengeneza trei ya mbao yenye vyumba ishirini, kila chumba samaki mmoja, mhudumu atahesabu vyumba vilivyobaki vitupu. Niliipiga msasa, nikaipaka vanishi. Ilikuwa kazi safi. Tulipoingia nayo kwenye boti, samaki wa chumba cha tatu akarukia cha tisa, wa tisa akarukia mapajani mwa Joyce, na kila tulipoangalia vyumba vitupu vilikuwa vimehama. Wakuru alicheka mpaka akasahau kushika ubao. Trei ile ninayo hapa nyumbani. Mke wangu anaoteshea miche ya nyanya.

Wiki ya majaribio ikafika hatujapata ufumbuzi. Utaratibu wa meneja ulikuwa huu: kila mwanafunzi anapewa kizimba kimoja, anakihudumia wiki nzima, siku ya mwisho anachota samaki mbele yake, anahesabu, anapima, anasema chakula cha siku ni kilo ngapi. Anayeshindwa anakwenda nyumbani. Siku hiyo ya mwisho meneja alinichukua kwenye boti yake. Alikuwa mtu wa hesabu kwa kusomea, amevaa jaketi la kuokolea juu ya shati la ofisini, na njiani alinieleza kwa nini neno kuhesabu alilitaja mara mbili. Wahudumu wake wa mwanzo walimletea idadi nzuri kila wiki, kila mtu na kizimba chake. Siku ya kuvuna, idadi na samaki hawakufahamiana. Makao makuu walimuuliza yeye. Ameomba mtu wa pili wa kukagua, wakamjibu bajeti haipo.

Nilimsikiliza huku nikijua kinachokuja. Nilifikiria kumwomba amruke Magesa, nikakosa maneno ambayo meneja wa hesabu angeyaelewa.

Vizimba vya Magesa na Wakuru vilipakana, mtu akisimama kwenye kimoja anaweza kumrushia mwenzake kamba. Tulipofika Magesa alikuwa ameshasimama kwenye ubao wa kutembelea, amenyoa ndevu, amevaa shati alilovaa siku ya kwanza chuoni. Samaki wake walikuwa wametulia. Walijua sauti ya kasia lake. Akachota vizuri, taratibu, bila kuwasugua, akawaweka kwenye beseni la maji.

"Wangapi, mzee?" akauliza meneja.

Magesa akauegemeza wavu pembeni. Meneja akarudia. Wakuru kule kizimbani kwake aliacha alichokuwa anafanya.

"Hawa siwahesabu," alisema Magesa.

"Kwa nini?"

"Ni wangu."

Meneja alinyanyua kichwa haraka sana. Kwa mtu aliyewahi kupotelewa na samaki, hilo ni neno baya kulisikia kutoka kwa mhudumu. "Wako kivipi? Hawa ni wa kampuni."

"Kwenye karatasi," alisema Magesa. "Kwenye maji mimi ndiye nimewalisha. Ndiye niliyeamka usiku wa upepo kuja kuona kamba. Nikishamlisha ni wangu, na wangu simhesabugi. Mungu anisamehe, sitafanya."

"Mzee, lakini kazi yenyewe ndiyo hiyo."

"Najua."

Meneja akaitoa kalamu mfukoni. Nilimwona Magesa anaiangalia ile kalamu. Hakuwa anaangalia samaki wala ziwa, alikuwa anaangalia ncha yake tu, na nilijua anaona nini: chumba, kitanda, chandarua. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kizimba cha pili.

"Nipe wa yule," alisema. "Wa yule nitakuhesabia mpaka jua litue. Wale si wangu. Hata wakipata mkosi, siumii."

Wakuru alikuwa mshindani wake. Angenyamaza tu, nafasi moja ingekuwa imefunguka. Lakini Wakuru kunyamaza hakujui. "Na mimi nipe wa tata," akasema kwa sauti ya kufika Musoma. "Wangu sigusi. Wake nitahesabu mpaka magamba."

Meneja alinitazama mimi, mimi nikamtazama Joyce, Joyce akatazama mizani. Mwishowe meneja akafanya kwa mkono ishara ya mtu aliyechoka: haya, badilishaneni.

Sijawahi kuona hesabu iliyofanywa kwa furaha namna ile. Magesa alihamia kizimba cha Wakuru kwa nyonga yake mbovu, akachota, akaanza kwa sauti ya mnadani. Mmoja huyu, mzito, hatembei. Wa pili huyu, amefanana na mwenye nyumba. Wakuru upande wa pili naye anamhesabia. Alipofika wa kumi na nne akasimama.

"Tata, huyu umemnyima chakula. Mbavu zake zinaweza kutoa ushahidi mahakamani."

"Huyo ndiye mwenye mbio. Wako wamenenepa kwa uvivu, kama wewe na ubao wako."

Kila mmoja akataja idadi, Joyce akapima, wakataja chakula cha siku, wote sawa. Meneja akaandika. Tulipokuwa tunarudi, wale wawili wakiwa nyuma yetu kwenye boti bado wanasimangana, aliniuliza kwa sauti ya chini kama watakuwa wanafanya hivi kila wiki, kila mmoja anahesabu wa mwenzake na hagusi wake. Nikasema ndivyo wanavyotaka, na kwa jinsi ninavyowajua hawatataka vingine.

"Na hawawezi kuelewana wakanidanganya?"

Nilimwambia asikilize. Nyuma yetu Wakuru alikuwa anaapa kwamba wiki ijayo atamkuta mzee na upungufu, na atautangaza mpaka Bunda. Magesa alikuwa anamjibu kwamba hata samaki wake wakifa wote, watakufa wakiwa wazuri kuliko wa kwake.

Meneja alisikiliza mpaka tukakaribia nchi kavu. Kisha akaniambia kwamba katika masomo yake ya uhasibu kitu cha kwanza kabisa walichofundishwa ni kwamba anayetunza ghala asiwe ndiye anayelihesabu. Amekuwa akiliomba hilo makao makuu kwa barua na barua pepe. "Na hawa," akasema, "hata nikiwalipa wahesabu wa kwao, hawakubali." Akafungua faili lake juu ya goti, akaandika majina yao mawili, moja chini ya jingine, akanionyesha kwa sababu nilikuwa nimenyoosha shingo waziwazi. Wawili waliobaki aliwapata baadaye kwa mtindo huo huo wa kubadilishana.

Magesa alipoambiwa hakuruka wala hakucheka. Aliuliza kazi inaanza saa ngapi, kisha akaazima simu yangu kwa kuwa yake haikuwa na salio. Alimpigia mkwe wake. Nilisogea pembeni kwa adabu, si mbali sana. Alimsalimia, akauliza hali ya binti na watoto, ng'ombe, mvua, kisha akasema kile kitanda wampe mtoto mkubwa, amekua, halali vizuri na wadogo zake.

Mtaala mnaoutumia leo mnaukuta umeandikwa kwamba mhudumu atahesabu samaki wa kizimba cha mwenzake. Aliyeandika ni Joyce. Mkaguzi alipokuja akauliza rejea ya kitaalamu ya kifungu hicho, Joyce akamjibu kwa upole kwamba ni uzoefu wa Kanda ya Ziwa, na mkaguzi akaandika "uzoefu wa Kanda ya Ziwa." Msikifute. Sisemi mila zote zinafaa kazini. Nyingine nimepigana nazo na nimeshindwa, mkiona kipimo cha muda kwenye kozi ya hoteli mtaelewa. Nasema kabla hamjaandika kwamba mtu hawezi kazi, muulizeni ni sehemu gani ya kazi ambayo hawezi. Huwa ni ndogo kuliko mnavyodhani.

Mwezi uliopita, nikiwa na saa yangu ya ukutani na muda wangu mwingi, nilikwenda Kiriba. Nilimkuta Magesa ana mgeni. Mkwe wake alikuwa amekuja kutoka Tarime, mtu mpana, mstaarabu, ambaye nadhani alikuja kuhakikisha kwamba baba mkwe wake ana kazi kweli na hajifichi kwa fahari. Tulikaa mkekani nje ya nyumba. Kulikuwa na ugali wa muhogo na sato wawili wakubwa wa kuchemsha, ambao Magesa alitueleza mara mbili kwamba amewanunua sokoni. Mkwe akasifu chakula. Kisha, kwa adabu kubwa na macho yakiwa chini, akasema kile chumba bado kipo, mtoto amekirudisha kwa hiari yake, na milango iko wazi wakati wowote mzee akijisikia kuchoka.

Magesa alimshukuru. Aliinua mkono kutia tonge, akatazama ziwani, jua lilikuwa limeshuka usawa wa vizimba. Akalirudisha tonge kwenye sahani, akanawa, akajiinua kwa kushika nguzo ya mlango.

"Kula, mkwe wangu," alisema. "Ukishiba pumzika, kitanda nimetandika. Mimi kuna wanaoningoja."

Akatelemka kuelekea majini anachechemea, ndoo mkononi. Mkwe alitaka kuinuka amsaidie kubeba, nikamshika goti. Akakaa. Tulibaki wawili mkekani, yeye mgeni na mimi mgeni, nikamsogezea kichwa cha samaki.